Alichomnong'oneza Shantel

"Mama Andati, kwani huku kwenu mtoto hulazwa kwa kuambiwa atakufa?"

Ndivyo Christine, jirani wa ng'ambo ya ua, alivyomuuliza Awinja siku moja wakichambua maharagwe barazani. Aliuliza macho yakiwa kwenye ungo, kama mtu anayeulizia bei ya mkaa, na Awinja akadhani ni mzaha wake wa kawaida. Christine alikuwa mtu wa mzaha. Hata matangani alikuwa akiwachekesha wapishi mpaka wazee wanakuja kuwakemea.

"Mtoto gani huyo?"

"Si huyu wenu, Shantel." Christine akaokota kijiwe akakitupa uani. "Mimi sisemi kitu. Ni Beverlyne ameniambia, tena akilia. Anasema babake akishamfunika blanketi anainama, anambusu hapa kwa paji, halafu anamwambia polepole, kesho unaweza kufa. Kila jioni, Mama Andati. Anasemanga kama sala."

"Labda hakusikia vizuri."

"Labda," Christine alisema. "Lakini masikio ya mama mzazi unayajua."

Awinja aliendelea kuchambua, ingawa mabovu na mazima sasa yalikuwa yanaangukia mahali pamoja. Andati ndiye mwanawe wa pekee aliyebaki boma hilo la Lurambi baada ya mzee kuzikwa. Alijenga nyumba yake ya mabati hatua chache kutoka kwa mamake, kama mila inavyotaka, na mkewe Beverlyne, msichana wa watu wa Lumakanda, alikuwa akimletea Awinja chai asubuhi kabla hata ya kuosha uso wake mwenyewe. Mkamwana kama huyo hakuwa akipatikana kirahisi. Na kama alimpelekea jirani machozi yake badala ya kumletea mama mkwe, basi jambo lilikuwa limekwenda mbali.

Lazima lisemwe lilikoanzia.

Andati na Beverlyne walikuwa wamezaa mvulana kabla ya Shantel. Homa ya mapafu ilimchukua akiwa bado anajifunza kusimama kwa kushika kuta. Baada ya mazishi Andati alivunjika. Alikunywa chang'aa ya kila mwenye kuipika kutoka Lurambi hadi njia ya Bukura, akawa anarudi nyumbani akiimba nyimbo za matusi, na siku moja alimsukuma Beverlyne akaangukia ghala la mahindi. Awinja alifunga na kuomba. Aliwaita akina mama wa kanisa wakaja wakapiga magoti uani, na Andati akawapita akienda zake kunywa, akiwasalimia vizuri kabisa.

Jibu lilipokuja, lilikuja kwa mlango ambao Awinja hakuwa akiutazama. Andati alikuwa mtunza stoo katika chuo kimoja cha kilimo, mtu wa majembe na mbolea. Mwalimu mmoja wa hapo, aliyechoka kumsitiri Andati kila akija amelewa, alimtumia kwa simu maandishi ya watu wa kale, Wayunani na Warumi, akamwambia asome ukurasa mmoja kwa siku, akishindwa basi amwambie ameshindwa. Andati akasoma. Akasoma tena. Mwezi ule aliacha pombe kwa wiki, akarudia, akaacha, kisha akaacha kabisa.

Alikuwa akimsimulia mamake akikamua ng'ombe, kichwa kimeegemea ubavu wa mnyama.

"Mama, wanasema kuna mambo yaliyo mkononi mwangu na mambo yasiyo mkononi mwangu. Mvua haiko mkononi mwangu. Hasira yangu iko."

"Hata mchungaji husema hivyo."

"Basi wanakubaliana." Akacheka. "Mmoja wao alikuwa mtumwa, tena kiwete. Mwingine alikuwa mfalme wa Rumi yote. Na wote wawili wanasema kitu kimoja, kwamba kuishi vizuri ni kuwa mtu mwema, basi. Si shamba, si cheo, si watu wanakusema aje."

Awinja alikuwa ameishia shule ya msingi, lakini kanisani aliwahi kusikia kwamba mtume alibishana na watu wa namna hiyo kule Athene, wengine wakamcheka na wengine wakasema watamsikiliza tena siku nyingine. Hakujua hawa wa mwanawe walikuwa kundi gani. Hakuuliza. Yeye alimwomba Mungu amrudishie mtoto, hakumwagiza ampitishe njia ipi.

Na kweli alirudi. Ng'ombe wa jirani yao Were walipoingia kwenye mahindi yake, Andati aliwatoa, akaziba ua, akamtumia Were salamu. Zamani angelimfuata na panga. Vijana wa stendi ya boda boda walimbandika jina la Mgiriki. "Mgiriki! Maji ya mfereji yamekatika, yako mkononi mwako ama hayako?" Naye anajibu, "Mtungi ndio uko mkononi mwangu," na anaendelea kuuendesha mkokoteni wake. Shantel alipozaliwa, yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha. Wanaume walimcheka, na hilo pia hakulibeba moyoni.

Kwa hiyo jioni ile, baada ya maneno ya Christine, Awinja alimfuata kwenye zizi akiwa na moyo mzito. Hakumzungusha.

"Andati, ni kweli unamwambia mtoto atakufa?"

Alitarajia akane. Andati aliinua uso, na usoni hamkuwa na aibu yoyote.

"Ndiyo, Mama. Nani amekuambia?"

"Kwani ni siri?"

"Hapana." Akasogeza ndoo isipigwe teke. "Yule wa kwanza alipokufa, mimi nilipigwa kama mtu aliyelala. Nilidhani ni wangu. Hawa wazee wanasema unayempenda umeazimwa tu, na ukimshika ujikumbushe, ndio umshike vizuri. Ndiyo najikumbusha. Tangu nianze, Mama, sijawahi kumfokea Shantel. Hata akimwaga uji. Nawaza, kama ni leo ya mwisho, nitaimalizia kwa uji?"

Awinja alisimama akisikiliza maziwa yakipiga ndoo. Maneno yalikuwa mazuri, na ndiyo yaliyomtisha. Angekuwa amelewa, angejua la kumwambia.

"Lakini huku kwetu kinywa cha baba si kinywa tu," alisema. "Baba akimtamkia mtoto kifo, ametamka. Unajua hivyo."

"Mama, wewe ni wa kanisa. Unaamini hiyo?"

"Sikusema naamini. Nimesema hata mimi nimesikia mwili ukinisisimka. Sasa mkeo je? Huyo aliyezika?"

Andati aliacha kukamua. Hilo lilimfikia, Awinja aliliona likimfikia.

"Si uwaze tu moyoni? Lazima utoe sauti?"

"Nikiwaza bila sauti mawazo yanakimbia," alisema. Kisha, "Sawa, Mama. Nitasemea moyoni. Na nitamweleza Beva."

Alimweleza. Awinja alijua alimweleza kwa sababu usiku huo taa yao ilikaa ikiwaka, na asubuhi Beverlyne alileta chai macho yamevimba. Alipoulizwa alisema tu, "Amenieleza, Mama. Nimesikia maneno yote. Lakini alishasema."

Huenda siku zingelilifuta neno lile, kama zinavyofuta mengi. Hazikupewa nafasi. Kabla wiki haijaisha Shantel alipandwa na homa, na mchana wa jua kali akaanza kurukaruka mikononi mwa mamake, macho yamegeuka meupe. Degedege. Beverlyne alipiga ukelele uliomtoa Christine jikoni na unga mikononi. Walimkimbiza hospitalini kwa boda boda, Beverlyne na mtoto katikati, Awinja akifuata na ya pili huku akiomba kwa sauti, dereva akiitikia amina kila kona.

Andati aliwakuta huko, bado amevaa koti la stoo. Hakulia. Hakumgombeza nesi kama baba wengine. Alijibu kila aliloulizwa, akashika mkono wa mtoto usivute mpira wa maji ya dripu, akasema, "Tufanye lililo letu, mengine si yetu." Awinja aliuona mkono wake wa pili umeshika chuma cha kitanda mpaka vifundo vikakosa damu. Alitaka kumwambia Beverlyne, tazama mkono ule. Lakini Beverlyne alikuwa akiutazama uso, na uso ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesubiri zamu yake benki.

Ilikuwa malaria. Dawa ilifanya kazi, mtoto akaomba ndizi, wakarudi nyumbani.

"Hakushtuka," Beverlyne alimwambia Awinja walipokuwa wakifua shuka za hospitalini. "Mimi nilishtuka, wewe ulishtuka, hata Christine na mambo yake yote alishtuka. Yeye hakushtuka. Mtu asiyeshtuka, Mama, anajua."

"Alijizuia. Nilimwona mkono, mwanangu."

"Anajizuia nini? Sisi tulimzika mmoja. Kwa nini ajizuie?"

Awinja alikamua shuka, akaikung'uta, akaianika. Angemwambia kwamba mafundisho yaleyale yaliyomtuliza Andati hospitalini ndiyo yaliyomtoa kwenye chang'aa, ndiyo yaliyofanya Beverlyne asiwe na alama mwilini. Beverlyne alilijua hilo. Ndiyo maana alikuwa akilia badala ya kupiga kelele.

Jumamosi watu wa Lumakanda walikuja. Walikuja wawili, Isaiah, baba mdogo wa Beverlyne, mwanamume mwenye kofia aliyoivua akaiweka gotini, na Alice, shangazi yake, ambaye kila mtu pamoja na Isaiah alimwita senge, yaani shangazi kwa lugha ya kwao. Awinja alichinja jogoo. Alisonga mwenyewe obusuma, ugali wa kwao, mweupe, mgumu, ukasimama kwenye sahani. Firigisi aliiweka juu mahali inapoonekana, ya mgeni mwanamume, maana mgeni akishaila hiyo mazungumzo huwa tayari yamelainika.

Isaiah aliishukuru. Hakunawa.

"Tutakula, mama," alisema. "Tuzungumze kwanza."

Awinja akajua. Aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango, mikono kwenye mapaja, akamwomba Mungu amfunge au amfungue kinywa, lolote litakalosaidia.

"Mkwe," Isaiah alianza, akimtazama Andati, "sisi hatukuja kugombana. Ulituletea ng'ombe wazuri, hukuwahi kutukosea heshima. Siku za pombe tulisikia, tukanyamaza, tukasema ni uchungu. Lakini hili la kumtamkia mtoto hatuwezi kunyamaza."

"Baba, sikumlaani," Andati alisema. "Nilijikumbusha mimi mwenyewe. Ni mafundisho ya kale."

"Ya nani?" Alice aliuliza.

"Ya Wayunani, senge. Na Warumi."

"Na hao Wayunani wako, watoto wao wako wapi sasa?"

Andati alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri swali kabla ya kulijibu, na hapo ndipo Awinja alipotamani amfinye.

"Wamekufa, senge. Wote. Ni zamani sana."

"Umesikia!" Alice aliwageukia wote, mikono hewani. "Waliomba wakapewa!"

Hata Isaiah alikaribia kucheka. Christine, aliyejifanya ameleta chumvi na akasahau kuondoka, alicheka kabisa kisha akajifunika mdomo kwa leso. Kwa kitambo kile kidogo Awinja aliona kana kwamba mambo yanaweza kupita. Andati mwenyewe alitabasamu. Beverlyne tu, aliyeketi chini kwenye mkeka na Shantel akichezea kifungo cha blauzi yake, hakuinua kichwa.

"Hatutaki makubwa," Isaiah alisema. "Unajua inavyofanywa. Mzazi akitoa neno baya, anachukua maji safi, anayashika kinywani, anampulizia mtoto kifuani, kisha analirudisha neno. Lilelile alilotoa, analigeuza. Basi. Tunakula kuku, tunakwenda."

Nyumba nzima ikamtazama Andati, kisha, mmoja baada ya mwingine, ikamgeukia Awinja. Kila mtu alijua yeye ndiye aliyekuwa akisimama mbele ya akina mama kanisani kuwaambia mambo ya kupuliza maji waachane nayo, kwamba damu ilishamwagika mara moja ikatosha. Alimwambia hivyo hata dada yake mwenyewe, dada akanuna mwaka mzima. Sasa maji yalikuwa kwenye jagi la plastiki juu ya meza yake, na mjukuu wake alikuwa upande wa pili wa maji hayo.

Alimtazama Andati. Yeye naye alimtazama, kama alivyokuwa akimtazama utotoni akisubiri kuambiwa kama maji ya mto yana kina.

"Fanya, mwanangu," Awinja alisema. "Mungu anatuona. Fanya tu."

Andati aliinuka. Alimimina maji kwenye kikombe, akapiga goti mbele ya mkeka. Beverlyne alimfungua mtoto kifua, na macho yake kwa mara ya kwanza siku hiyo yakamtazama mumewe moja kwa moja. Yalikuwa na matumaini. Awinja aliyaona.

Andati alijaza kinywa, akapuliza. Manyunyu yalimwangukia Shantel kifuani na kidevuni, naye akacheka kwa sauti kubwa, akaupiga uso wa babake kwa kiganja, akitaka arudie.

"Shantel," Andati alisema, maji yakimdondoka kidevuni. "Mwanangu. Uishi. Uwe na nguvu. Uzeeke, unizike mimi na mamako, ubebe wajukuu wa wajukuu."

"Amina," Christine alisema.

"Hiyo ni dua," Alice alisema, bila ukali sasa. "Ni dua nzuri. Lakini si neno ulilotoa. Ulisema anaweza kufa. Sema hatakufa."

Andati alibaki amepiga goti.

"Senge, nitasema ninalotaka kwa moyo wangu wote. Nataka aishi. Hilo ni kweli, nalisema."

"Sema hatakufa, mkwe," Isaiah alisema. "Ni neno moja."

"Baba, hilo si..." Akamgeukia mamake. "Mama, wewe ndiye ulinifundisha nisitamke uongo. Kabla ya hao wengine wote."

Awinja alifungua kinywa. Alitaka kusema, huu si uongo, huu ni mkate wa kumpa mtu mwenye njaa. Alitaka kusema, mimi mwenyewe leo nimeacha msimamo wangu mlangoni, wewe unashindwa nini? Lakini mambo hayo mawili yaligongana njiani, na kilichotoka ni jina la mwanawe tu, "Andati," mara mbili, kama mtu anayemwita aliye mbali.

Alimwona akihangaika. Hilo wengine huenda hawakuliona. Alimwona akitafuta ndani yake mahali pa kulitolea neno lile, macho yakienda kwa mtoto, yakirudi. Hakuwa akishindana nao. Alikuwa ametoka kwenye chang'aa kwa kushika kamba moja tu, kutojidanganya tena hata kidogo, na sasa walikuwa wakimwambia aiachie kidogo, wakati huu tu. Kama angeweza, angeiachia. Awinja aliliona hilo wazi kama anavyoona mkono wake, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

"Nitasema mimi," aliropoka. Akainuka, akachukua kikombe. "Mimi ni nyanya yake. Niacheni niseme mimi. Shantel hatakufa, kwa jina la..."

"Mama, keti," Beverlyne alisema kwa upole. "Si wewe uliyelisema."

Awinja akaketi, kikombe mkononi.

Beverlyne alimsogelea mumewe kwa magoti mpaka mtoto akawa katikati yao, mguu mmoja wa Shantel kwenye paja la kila mmoja. Alisema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

"Andati. Sitaki uamini. Sikuulizi kama unaamini. Mimi pia najua. Si mimi nilimfunga sanda yule? Sema tu nisikie kwa kinywa chako. Mara moja. Shantel hatakufa. Halafu nitakuletea maji ya kunawa na tutakula, na sitakuuliza tena maisha yangu yote."

Nje jogoo wa jirani aliwika bila mpango. Isaiah alikuwa ameinamisha kichwa. Alice alikuwa ameshika kidevu chake kwa mikono yote miwili, na midomo yake ilikuwa ikiunda lile neno, ikimsaidia, kama mtu anavyofungua kinywa chake mwenyewe akimlisha mtoto.

Andati aliuchukua mguu wa Shantel, akaushika wote ndani ya kiganja chake. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa. Awinja alimshukuru Mungu kwa machozi hayo, akadhani yatatosha, akadhani Beverlyne akiyaona basi.

"Shantel," Andati alisema. "Shantel ha..."

Wote walisubiri.

"Beva," alisema. "Sote, mke wangu. Sote ni..."

Beverlyne alingoja kidogo zaidi, kama kuna kitu kingine kitafuata. Kisha akautoa mguu wa mtoto kwenye kiganja cha mumewe, kidole kwa kidole, bila kuvuta. Akamfuta Shantel kifua kwa upindo wa leso. Akamweka mgongoni, akamfunga, akakaza fundo kifuani na kulijaribu kama limeshika. Akaupita obusuma uliopoa, akaupita mkono wa Awinja uliokuwa umenyooshwa, akainama kidogo mlangoni mtoto asigonge kichwa, akatoka, akashika njia ya kwao Lumakanda.